Nani Mwenye Kusema "Ndiyo"?

Barua imetufikia kutoka Horohoro, karatasi mbili zilizoandikwa pande zote, kwa mkono wa mtu aliyezoea kujaza daftari la ubatizo. Mwandishi wake ni katekista wa kigango kimoja cha huko mpakani. Ametuomba tusimtaje jina, nasi tutamtii. Jambo aliloliuliza laonekana kwanza kuwa ni la madaktari na wanasheria. Tulipoisoma barua mara ya pili tuliona kwamba ni letu sisi sote, na ya kuwa halifai kujibiwa kwa maneno matatu katika pembe ya ukurasa.

Habari yenyewe ni hii. Mke wa katekista huyu ni mtu wa Lunga Lunga, ng'ambo ya pili ya forodha, na kaka yake huyo mke ni mgonjwa wa figo. Mara mbili kila juma hupelekwa Mombasa kusafishwa damu kwa mashine. Madaktari wamesema angefaa kupandikizwa figo ya ndugu. Basi ukoo wa mke ukakaa kikao, na kabla chai haijapoa ukaamua: atoe figo binti wa mwisho, mwenye umri wa miaka 19, kwa sababu "hana mume wa kumzuia wala mtoto wa kumlilia". Binti mwenyewe alikuwamo kikaoni. Hakuulizwa, ndiye aliyekuwa akimimina chai.

Katekista wetu aliguswa sana na mateso ya shemeji yake, akanuia kuandika karatasi kwamba yeye mwenyewe akifa, viungo vyake vitakavyofaa wapewe wagonjwa. Mkewe akakubali. Lakini mjomba wake, ambaye ni Mwislamu kama walivyo wengi wa ukoo wao wa Kidigo, alipopata habari alisema: "Mpwa wangu ni amana. Nitamzika kama alivyozaliwa, au sitafika mazikoni." Na kwa Wadigo mjomba si jamaa wa kualikwa tu. Kwa desturi yao ya kale mtoto alihesabiwa upande wa mama, na urithi ulishuka kutoka kwa mjomba hata kwa mpwa. Sheria ya Kiislamu na sheria za serikali zimeipunguza desturi hiyo kwa sehemu kubwa, lakini heshima ya mjomba haijafutika. Asipofika mazikoni, watu watauliza kwa miaka mingi sababu yake.

Msomaji aangalie ajabu iliyomo. Upande wa mke, jamaa wamesema "ndiyo" badala ya mtu aliye hai, mwenye ulimi wake, ambaye hakusema neno. Upande wa mume, jamaa wamesema "hapana" juu ya mtu aliyekwisha kusema "ndiyo" kwa kinywa chake mwenyewe. Sisi twaona kosa ni moja pande zote mbili, ijapokuwa upande mmoja limevaa sura ya huruma na upande wa pili limevaa sura ya heshima.

Tuanze na binti, maana jambo lake haliwezi kungoja.

Upasuaji wa kwanza wa namna hii uliofaulu vema ulifanywa Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Figo ya kijana mmoja ilitolewa, na Daktari Joseph Murray akampandikizia pacha wake aliyefanana naye kabisa. Zamani zile walimu wa maadili wa Kanisa walikuwa wakibishana kwa ukali. Wengine walishika kwamba mtu si mwenye mwili wake hata auondolee kiungo apendavyo. Kukatwa kiungo kwaruhusiwa kwa ajili ya afya ya mwili ule ule tu. Wengine wakajibu kwamba mapendo kwa jirani ni sababu ya kutosha, mradi mtoaji asijiue wala asijilemaze. Sisi tuliosoma seminari kuu miaka mingi baadaye tulifundishwa mabishano hayo kama historia, kwa kuwa yalikwisha kuamuliwa: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2296, yafundisha kwamba upandikizaji wapatana na sheria ya maadili ikiwa hatari anazozipata mtoaji zalingana na mema yanayotafutwa kwa mpokeaji, na ya kuwa haukubaliki kabisa mtoaji asiporidhia kwa wazi. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995 juu ya Injili ya Uhai, aliuhesabu utoaji huo kuwa ni mojawapo ya matendo ya ushujaa wa kila siku.

Hapa kwetu Tanzania jambo hili si ndoto tena. Figo ya kwanza ilipandikizwa Muhimbili mwezi wa Novemba 2017, madaktari wetu wakisaidiwa na wenzao kutoka India. Na Machi 2018 hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata, ikisaidiwa na Wajapani. Kabla ya hapo mgonjwa hakuwa na njia ila kwenda ng'ambo, na wengi walikwenda India. Huduma hiyo imejengwa juu ya watoaji walio hai, jamaa wa wagonjwa. Kwa hiyo vikao kama kile cha Lunga Lunga vitazidi kuwa vingi, na si vibaya vyenyewe. Ndugu wasipokaa kikao mgonjwa wao anapozama, watakaa lini?

Lakini kutoa figo si kutoa nywele. Ni kweli kwamba mtu mzima mwenye afya aweza kuishi vizuri kwa figo moja. Ni kweli pia kwamba upasuaji wenyewe ni mkubwa, na hata katika hospitali za Marekani miaka ya nyuma walikufa watoaji kama 3 katika kila 10,000. Na kuna jambo jingine ambalo pengine wazee wa kikao hawakulijua: imeonekana kwamba wanawake waliotoa figo, wanapochukua mimba baadaye, hupata shinikizo la damu la mimba zaidi kuliko wenzao. Si wote, wala si wengi wao. Wengi huzaa salama. Walakini sababu ile waliyoitoa wazee, kwamba binti hana mume wala mtoto, ndiyo iliyopaswa kuwafanya wasite. Walimchagua kwa sababu hakuwa na mtetezi, wakaita jambo hilo kuwa ni nafasi.

Basi jibu letu ni hili: hakuna kikao, awe amekiongoza baba, mjomba, paroko au mwenyekiti wa kijiji, kiwezacho kutoa figo ya mtu mzima aliye hai. Jamaa wanaweza kumwomba. Wanaweza hata kulia mbele yake. Wasichoweza ni kumwamulia. Naye binti akisema "ndiyo" mbele ya macho kumi na manane yanayomtazama, hilo nalo halijawa "ndiyo" bado. Hospitali zenye utaratibu mwema humketisha mtoaji peke yake na daktari, bila jamaa, na kumwambia kwamba aweza kugeuza nia yake wakati wo wote hata mlangoni pa chumba cha upasuaji. Akisema hataki, baadhi ya madaktari huwaambia jamaa neno moja tu, kwamba "huyu hafai kutoa", bila kueleza zaidi. Tumepata kuulizwa kama huo si uongo. Kwa maoni yetu si uongo hata kidogo, kwa kuwa asiyetaka kwa hiari yake hafai kweli.

Tunamwomba katekista, ambaye ni shemeji wa binti na ana ruhusa ya kutaniana naye, amtafute siku moja kando ya jiko na amwulize. Baada ya kumwuliza anyamaze, amngoje.

Sasa tumgeukie katekista mwenyewe. Viungo vya marehemu vina masharti ambayo watu wengi hawajaambiwa. Figo, ini na moyo havifai kuchukuliwa kwa mtu aliyekufa nyumbani kitandani pake, kwa kuwa damu ikisimama vyaharibika upesi. Hutolewa hospitalini, katika chumba cha wagonjwa mahututi, kwa mtu ambaye ubongo wake wote umekufa kabisa, naye mashine ya kupumulia bado yasukuma hewa. Moyo ukiisha kutolewa hauwezi kungoja zaidi ya saa chache. Figo katika barafu huweza kungoja siku moja na zaidi kidogo. Jicho liko mbali na hayo. Konea, yaani ule utando mwangavu ulio mbele ya mboni, haina mishipa ya damu, na yaweza kutolewa saa kadhaa baada ya moyo kusimama, ikampa kuona mtu ambaye jicho lake limefunikwa na kovu.

Juu ya konea hizo ndipo Papa Pius wa Kumi na Mbili alipofundisha kwanza kwa upana, tarehe 14 Mei 1956, alipowapokea Waitaliano waliojitolea kutoa macho yao baada ya kufa. Aliwasifu. Lakini alikataa mtu ye yote asihubiriwe kwamba ni wajibu wake kutoa, na akataka haki na majonzi ya jamaa waliokabidhiwa maiti yasikanyagwe. Yohane Paulo wa Pili, akisema na wapasuaji wa upandikizaji huko Roma tarehe 29 Agosti 2000, aliongeza kwamba marehemu asiposema neno, ridhaa ya jamaa ina uzito wake. Kwa maneno mengine: kwanza neno la mtu mwenyewe, na pasipo neno lake, neno la jamaa.

Sheria za majirani zetu zimepita njia hiyo hiyo, pole pole. Sheria ya Kenya ya mwaka 1966 iliruhusu mtu aagize kwa maandishi, au kwa kinywa mbele ya mashahidi wawili katika ugonjwa wake wa mwisho. Lakini asipoagiza, pingamizi la ndugu ye yote aliye hai lilitosha kuzuia kila kitu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 huko huko Kenya imewapanga jamaa kwa zamu, ikianza na mume au mke, wakifuata watoto wakubwa, wazazi na ndugu. Uganda nayo ilipata sheria yake ya viungo mwaka 2023, na mwishoni mwa mwaka huo figo ya kwanza ikapandikizwa Mulago. Katika orodha ya Kenya mjomba hayumo. Huyu mzee wa Kidigo, ambaye kijijini ndiye atakayeulizwa kwanza na wote, mbele ya sheria ile hana hata kiti.

Je, katekista afurahi? Ana mke aliyekubali, na sheria ya upande wa pili yamtaja mke kwanza. Akipatwa na ajali kwenye barabara ya Lunga Lunga, akapelekwa Mombasa, ambako ni karibu kuliko Dar es Salaam, karatasi yake na kauli ya mkewe zingetosha. Tunamwambia asifurahi mapema. Sheria haivuki forodha pamoja na mtu: ajali ikitokea upande huu, atapelekwa Bombo, na karatasi iliyofuata sheria ya Kenya itakuwa karatasi tu. Tena, tuseme yote yamekwenda sawa. Mjane wake atarudi Horohoro na maiti, na uwanja mzima utamwuliza kwa nini amemkata mtoto wa watu. Karatasi haiwezi kumjibia.

Wazungu wenyewe wamelijua hilo. Uingereza ina daftari la taifa la watoaji tangu mwaka 1994, na tangu 2020 huko England kila mtu mzima, isipokuwa watu wachache waliotengwa na sheria, huhesabiwa kuwa amekubali asipokataa. Hata hivyo jamaa huketishwa na kuulizwa, na wakipinga kwa nguvu mara nyingi jambo huachwa. Hispania, inayoongoza mataifa kwa miaka mingi sasa, ina sheria ya 1979 inayomhesabu kila mtu kuwa ameridhia. Lakini kwa desturi huwauliza jamaa daima, na imewafundisha wahudumu wake namna ya kuwauliza watu waliofiwa saa ile ile. Nasi Wakatoliki tuna mfano wa karibu zaidi. Papa Benedikto wa Kumi na Sita, alipokuwa bado Kardinali Ratzinger, alikuwa na kadi ya mtoaji. Mwaka 2011 ilielezwa kutoka Vatikani kwamba kadi ile ilipoteza nguvu siku alipochaguliwa, kwa kuwa mwili wa Papa ni wa Kanisa zima. Ukoo wake ulikuwa umekua mno!

Tukumbuke pia Cape Town, tarehe 2 Desemba 1967. Mama na binti yake, Denise Darvall mwenye miaka 25, waligongwa na motokaa walipotoka kununua keki. Mama alikufa pale pale. Binti ubongo wake ukawa hauna tumaini. Jioni ile baba yao, Edward Darvall, mtu aliyefiwa na mke saa chache kabla, aliulizwa kama moyo wa binti yake waweza kupewa mgonjwa aitwaye Louis Washkansky. Yasemekana aliwaza dakika nne. Akakubali, na Daktari Christiaan Barnard akaufanya upasuaji ule ulioshangaza dunia. Washkansky aliishi siku 18. Figo ya binti ikapewa mtoto wa miaka 10, wa jamii iliyobaguliwa na sheria za nchi ile, na wako waliokasirika kwa sababu ya rangi yake. Kila tusomapo habari hiyo, sisi hatumwazi Barnard. Twamwaza yule baba na dakika zake nne, akiwa amefiwa na wawili siku moja.

Katekista ana miaka, Mungu akijalia, ya kumpa mjomba wake nafasi ambayo Bwana Darvall hakuipata. Ndiyo maana tunasema shauri hili lisifanywe nyuma ya mgongo wa mzee.

Tusidhani kwamba hofu ya mzee ni ujinga. Pwani hii imelelewa kwa hadithi za mumiani, watu wanyonyao damu ya wanadamu kufanyia dawa. Tukizicheka, tukumbuke kwamba nchi hii imeshuhudia ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao. Na mwezi wa Aprili 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret, baada ya kutangazwa habari za vijana waliolipwa fedha kwa figo zao. Mkataba wa Palermo wa mwaka 2000 wahesabu kumtumia binadamu kwa kumwondoa viungo kuwa ni biashara ya watu, sawasawa na utumwa. Na Kanisa lasema kiungo hakina bei. Hata sisi wenyewe hatuko safi katika hekaya zetu. Yasimuliwa juu ya Watakatifu Kosma na Damiano, waganga wasiotoza fedha, kwamba walimpa Mrumi mmoja mguu wa Mwafrika aliyezikwa siku zile. Wachoraji wa Ulaya waliipenda sana hekaya hiyo. Katika picha hizo waonekana mgonjwa, malaika na watakatifu. Hatujaona picha inayomwonyesha ye yote akiwauliza jamaa wa yule Mwafrika.

Mjomba na aambiwe basi kwamba maiti hushonwa kama mgonjwa aliye hai, huoshwa, na huzikwa na watu wake. Kwamba daktari athibitishaye kifo hapaswi kuwa mmoja wa wale watakaopandikiza. Kwamba hakuna senti. Kuhusu dini yake, si kazi yetu kumfundisha. Ila katekista aweza kumwomba kwa adabu amwulize sheikh wake juu ya azimio la Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lililotolewa Jeddah mwaka 1988, ambalo liliruhusu kiungo cha maiti kumwokoa aliye hai, marehemu akiwa ameridhia katika uhai wake au warithi wake wakiridhia baada yake. Na Mkristo aogopaye kufufuka bila macho na amkumbuke Mtakatifu Andrea Kaggwa, ambaye mwaka 1886 mkono wake ulikatwa ukapelekwa kwa katikiro. Hatujasikia Mkatoliki ye yote wa Uganda akiona shaka kwamba siku ya mwisho atafufuka mzima.

Mjomba akisikia yote hayo na bado akakataa? Hapo neno la katekista lasimama juu ya neno la mjomba. Mwili ni amana ya Mungu kwake yeye kwanza. Lakini asimtwishe mkewe vita ambavyo yeye mwenyewe hakuvipigana. Na aende kwa mzee yeye mwenyewe, na mkewe akiwapo, wala si siku ya msiba wala siku ya mahari. Aseme kwa kinywa chake. Aiandike karatasi, aisaini mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa Horohoro na mmoja wa Lunga Lunga, kwa nakala tatu: moja ya mke, moja ya paroko, na ya tatu amwachie mjomba mkononi, hata akisema hataipokea. Ni yeye atakayeulizwa. Heri awe nayo.

Swali lake la pili, juu ya kutoa damu wakati wa mfungo wa Kwaresima, tutalijibu juma lijalo, nafasi ikipatikana.